Mawe Mazima ya Rwamabare

Mhandisi Cleophace alikuwa na tabia ya kula chakula chake juu ya meza ya hadubini. Siku ile alikuwa na ndizi za utumbo, na mchuzi ulikuwa umemchuruzika kidoleni mpaka kwenye kitufe cha kusogezea lenzi. Agnetha alimtazama hadi akamaliza. Kisha alichukua pamba na spiriti akapangusa kitufe, akapangusa meza, akapangusa hata vioo ambavyo havikuguswa, maana akishaona mafuta mahali pamoja alikuwa anayaona kila mahali.

"Hebu soma tena," Cleophace alisema huku akijichokoa meno. "Asilimia ngapi?"

"Mbili nukta nne."

"Safi. Hilo si jiwe, hicho ni chuma."

Ilikuwa ofisi ndogo ya ushauri, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo mjini Kayanga, na Agnetha, mzaliwa wa Chonyonyo mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ndiye aliyekuwa maabara nzima. Kazi yake ilikuwa kupiga picha matumbo ya mawe. Kipande cha jiwe kiliwekwa kwenye chombo cha chuma, pampu ikanyonya hewa yote, halafu gundi ya buluu ikaachiwa iingie na kujaza kila kitundu ilichokikuta. Gundi ikishakauka ndipo msumeno ulipokata, naye Agnetha akakisaga kipande kile mpaka kikawa chembamba kuliko unywele. Chini ya hadubini punje za jiwe zilionekana nyeupe na kijivu, na palipokuwa patupu palionekana buluu. Kompyuta ilihesabu hiyo buluu. Lakini hiyo ilikuwa nusu ya kazi, kwa sababu nyumba inaweza kuwa na vyumba ishirini na isiwe na mlango hata mmoja. Kwa hiyo kompyuta ilifuatilia pia kama buluu hii inaifikia ile, kwa njia pana kiasi gani, na kutokana na hapo ikakadiria maji yatapita kwa kasi gani.

Mawe yaliyokuwa mezani yalitoka kilima cha Rwamabare, kata ya Kibingo, upande wa Kyerwa. Mwekezaji mmoja alikuwa anajenga machinjio huko, na alitaka kuchimba shimo la majimaji machafu juu ya kilima: damu, mavi ya matumboni, maji ya kuoshea sakafu. Jiwe likiwa limeshikamana, shimo linachimbwa hivyo hivyo. Likiwa linapitisha maji, lazima lijengewe zege na kutandikwa plastiki nene, na mwekezaji hakutaka kusikia habari ya plastiki. Chini ya kilima kuna chemchemi. Kaya arobaini na mbili huchota hapo, na ng'ombe wa akina Mbabazi hunyweshwa hapo. Agnetha alikulia kwenye kufuata maji mwendo wa saa mbili, kwa hiyo alijua vizuri kinachopimwa. Aliangalia vioo vyote kumi na viwili kwa mara nyingine, akaridhika, akasaini taarifa chini ya jina la Cleophace.

Jumatatu iliyofuata, akivipanga vioo kwenye sanduku, aliona kitu kwenye ukingo wa kioo cha tisa. Ulikuwa mstari. Ulianzia juu ukashuka kama mshono uliofumuka, na ndani yake ulikuwa buluu tupu.

Alimwita Cleophace, ambaye alikuja na kikombe cha chai akainamia hadubini huku akipumua kwa kinywa.

"Ufa wa msumeno," alisema. "Kila siku msumeno unapasua mawe. Ufute."

"Una gundi ndani, mhandisi. Gundi iliingia kabla ya msumeno. Ufa wa msumeno ungekuwa mtupu."

Cleophace aliinuka, akanywa chai yake kwa kelele, akasema kwamba ufa mmoja katika mawe kumi na mawili si habari ya kumharibia mtu wiki. Kisha akatoka kwenda kupokea simu, na Agnetha akabaki anatazama ule mstari. Alijichukia kidogo kwa kutouona mapema. Kesho yake aliomba ruhusa ya kwenda hospitali, akapanda pikipiki mpaka Kibingo.

Mawe yale yalikuwa yameletwa na Gaudiosus, fundi mwashi wa pale, mzee wa miaka sitini na sita ambaye msingi wa kanisa la Kilutheri, msingi wa shule na misingi ya karibu nusu ya nyumba za kijiji ilikuwa kazi ya mikono yake. Agnetha alimkuta uani akichonga jiwe la kona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali?"

"Natoka ofisini Kayanga, kule ulikoleta mawe."

Uso wa mzee ulifunguka. Alimwita mkewe Adelgunda, mgeni akaletewa kiti na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na Adelgunda akaketi mkekani upande wa mlango. Mazungumzo yalianza na mvua, yakapita kwenye migomba na mnyauko, yakafika kwa wagonjwa, na hakuna aliyeyaharakisha. Ndipo Gaudiosus mwenyewe akauliza kama mawe yake yalipendeza.

"Yalipendeza sana," Agnetha alisema. "Uliyachaguaje, baba?"

"Ah, hapo sasa." Alichukua nyundo, akagonga jiwe lililokuwa mbele yake, likalia ting. "Umesikia? Hili ni zima. Lile linalojibu bubu, du, kama mtu aliyeziba kinywa, hilo natupa. Mhandisi alinipigia simu, akasema, mzee, tunaomba mawe kumi na mawili ya kilima chenu yaje ofisini. Nikazunguka kilima siku tatu. Nimegonga mamia. Waitu, jamani, ningewapelekea mawe mabovu watu wa ofisi? Wangesema huko Kibingo hakuna fundi."

Alisema hivyo akicheka kwa furaha, na Agnetha akahisi kahawa inamgeukia mdomoni. Hakuna mtu aliyekuwa amedanganya. Mzee alikuwa ameulizwa jiwe, akatoa jiwe kama mtu mwenye adabu anavyompa mgeni, akimchagulia lililo bora na kuficha yaliyobaki. Cleophace hakuona haja ya kupanda kilima. Yeye Agnetha hakuona haja ya kuuliza. Na kwa uvivu wao wawili, heshima ya mzee huyu ilikuwa imegeuka kipimo, na kipimo kilikuwa na saini ya Agnetha.

"Hayo mengine yako wapi?"

"Nyuma ya zizi. Nayatumia kuzibia matope. Ya nini?"

"Ya majaribio tu, baba."

Hapo ndipo Agnetha alipokosea, na baadaye alilijua kosa lake mpaka likamuuma. Angeweza kumwambia yote pale pale, akiwa na kahawa yake kiganjani na mama Adelgunda akisikiliza. Lakini alihisi ni maneno ya ofisini, marefu, yasiyomhusu mwashi. Alijaza mfuko wa sandarusi, akaaga, akaondoka.

Mawe bubu yalinywa gundi kama mtu aliyetoka kufunga. Agnetha alipoyaweka chini ya hadubini alisahau hata kuvuta kiti. Buluu ilikuwa imetapakaa kila mahali, imepita katikati ya punje, imeungana, imefungua njia kutoka ukingo huu mpaka ule. Asilimia kumi na saba. Na milango yote ilikuwa wazi.

Cleophace alisikiliza maelezo yake hadi mwisho, jambo ambalo lenyewe halikuwa la kawaida. Kisha akavuta kiti chake karibu na kompyuta, akashika kipanya kwa vidole vilevile vya mchuzi.

"Wewe unajua kazi, Agnetha, lakini hujui mipangilio. Nani ameamua buluu inaanzia wapi? Wewe. Tazama."

Kwenye skrini palikuwa na mstari mdogo wa kusogeza, ule unaoiambia kompyuta rangi ianzie kiwango gani ndiyo ihesabiwe kuwa buluu. Cleophace aliuvuta taratibu kwenda kulia. Buluu hafifu ikageuka kijivu. Akavuta tena. Njia zikakatika, vijito vikawa vidimbwi, vidimbwi vikawa vidoti. Kumi na saba ikawa kumi na moja, ikawa sita, ikawa tatu. Alifanya hivyo bila haraka, midomo ameibana kama anayechora, na alipofika anapopataka aliachia kipanya.

"Tatu. Umeona? Jiwe ni lilelile. Ilikuwa mipangilio tu."

Agnetha alikuwa amewahi kuona watu wakila rushwa, na rushwa angalau ina aibu yake, hutolewa pembeni. Huyu alikuwa anayaziba matundu ya mlima kwa kidole kimoja, mbele yake, na bado alikuwa anamfundisha. Alitoka nje akasimama kando ya mifuko ya mbolea mpaka moyo ukatulia.

"Mimi hiyo siisaini," alimwambia aliporudi.

"Ulishasaini ile ya kwanza. Inatosha."

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki mbili baadaye, kwenye uwanja wa shule. Agnetha alikwenda kwa nauli yake, picha zake zikiwa kwenye bahasha, na alipopewa nafasi alisimama akaeleza. Aliona wazi jinsi maneno yalivyokuwa yanamtoka na kupotea hewani. Picha zilipita mkono kwa mkono, zikageuzwa juu chini. Mama mmoja aliuliza kama hiyo ni picha ya mimba, watu wakacheka. Agnetha akaona wanamtoroka, akapaza sauti.

"Hili ndilo jiwe la Rwamabare," alisema. "Hili ndilo mlilolitupa. Kilima chenu kimeoza ndani. Mkimwaga damu juu, mtainywa chini."

Kicheko kiliisha. Cleophace, aliyekuwa ameketi meza kuu na soda yake, aliweka chupa chini. Aligeuka upande wa wazee.

"Mzee Gaudiosus, wewe ndiye fundi. Binti yetu anasema mawe yako yameoza. Hayo hayo yaliyobeba kanisa. Ni kweli?"

Gaudiosus alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la ibada. Hakumtazama Cleophace, alimtazama Agnetha, na katika yale macho hapakuwa na hasira kubwa, palikuwa na mshangao wa mtu aliyekaribisha mgeni na mgeni akatoka na siri ya nyumbani kwenda kuianika barabarani.

"Anayesema msingi wangu umeoza," alisema polepole, "ahame kwenye nyumba niliyomjengea. Mawe yetu ni mazima."

Wakampigia makofi. Hata vijana wasiojua ubishi unahusu nini walipiga makofi. Shimo likapitishwa, na Cleophace akatoka kumpongeza mzee kwa kumshika mikono yote miwili. Agnetha alikusanya picha zake, moja ikiwa tayari na alama ya kiatu, na alichukizwa na kila mtu uwanjani pale, na zaidi na yule mwanamke aliyemtukana mzee mbele ya jamaa zake badala ya kumwambia uani kwake.

Na bado aliendelea kwenda kazini. Hilo pia lisemwe, maana yeye mwenyewe hakulificha baadaye. Alikuwa na ada ya mdogo wake chuoni, na maabara nyingine ya namna ile ilikuwa Mwanza. Kila mchana Cleophace alikula juu ya meza, kila mchana Agnetha alipangusa.

Shimo lilianza kutumika mwezi wa nane. Mvua zikashika mwezi wa kumi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Mbabazi mfugaji aliingia ofisini na fimbo yake na chupa ya maji iliyozibwa kwa kitambaa. Cleophace alikuwa Bukoba.

"Dada, wewe ndiye uliyezungumza kwenye mkutano?"

"Ni mimi."

"Ng'ombe wangu wamekataa maji." Aliweka chupa mezani. "Wananusa, wanarudi nyuma. Nimewapiga, nimewaimbia, wamekataa. Sasa nawapeleka mwendo wa nusu siku."

Agnetha alifungua kitambaa akakifunga haraka. Harufu ilikuwa imeshaingia chumbani, tamu na nzito, ile ya bucha lililofungwa tangu jana likiwa na nyama ndani.

"Na watu?"

Mbabazi alitazama pembeni. "Wengi wanafuata maji Bugomora. Kwa mzee Gaudiosus wanakunywa. Anasema ni matope ya mvua. Anasema yataisha."

Agnetha alivua koti la maabara akalitundika. Alichukua bahasha yake ya picha na karatasi nyeupe kadhaa, akaacha ufunguo juu ya meza ya Cleophace. Walifika Rwamabare jua likiwa bado juu.

Gaudiosus alikuwa amepungua. Koti la ibada lingemtosha mara mbili. Lakini alimpokea mgeni wake kama zamani, kiti kikaletwa, shikamoo ikajibiwa, wagonjwa wakaulizwa, ingawa kikohozi na tumbo la mjukuu vilitajwa juu juu tu. Adelgunda aliketi mkekani na yule mtoto mapajani. Mtoto alikuwa na vipele shingoni mpaka nyuma ya masikio, naye bibi alimpepea inzi bila kukoma.

"Baba," Agnetha alisema, "nimekuja kuomba radhi. Ningekwambia hapa siku ile. Nilikwenda kukutangaza uwanjani."

"Yamepita hayo."

"Hayajapita. Nilisaini taarifa ya mawe yako mazuri bila kuuliza yalivyochaguliwa. Jina langu liko chini yake."

"Mawe yangu ni mazima," mzee alisema, ila safari hii kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa hakuna kingine alichoweza kufanya mbele ya mgeni, aligeuka akaita maji.

Adelgunda hakunyanyuka upesi. Mzee akaenda mwenyewe. Alirudi na kikombe cha bati kilichosuguliwa kikang'aa, amekishika kwa mikono miwili kama inavyopasa, akamnyooshea.

"Kunywa, mwanangu. Umetembea juani."

Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyopauka. Juu yake palikuwa na utando mwembamba uliotetemeka, na utando ule ulivutika ukaning'inia kwenye ukingo wa kikombe. Agnetha alikipokea. Alikipeleka mpaka karibu na mdomo, kwa ajili ya mzee tu, kisha akakishusha. Hakujua kwamba mtu anaweza kuona haya na kinyaa kwa wakati mmoja kiasi kile.

"Baba, siwezi," alisema. "Nisamehe. Siwezi kuyanywa."

Katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kurudisha kikombe. Gaudiosus alikitwaa. Alimtazama Agnetha, akakiinua, akanywa yote, akimeza kwa nguvu funda moja baada ya jingine, koo likipanda na kushuka kama la mtu anayemeza dawa ya minyoo. Alipomaliza, utando ulikuwa umebaki kwenye masharubu yake.

"Mazuri," alisema.

Adelgunda alimlaza mtoto mkekani. Alikwenda jikoni akaburuta dumu kubwa, akarudi akaburuta na la pili, mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kumbishia mumewe mbele ya watu, akayapindua yote mawili katikati ya ua. Maji yalitambaa mpaka kwenye miguu ya kiti cha mzee. Inzi wakashuka juu yake kabla hayajasimama.

"Miezi miwili nayapikia," alisema akimtazama mumewe. "Nayatega usiku yatulie, naondoa utando kwa kijiko, napika. Nimemwogesha huyu mtoto kwa damu ya ng'ombe wa watu nisiowajua. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme hapana ndani ya nyumba hii, nami niseme. Mgeni amesema. Na mimi nakataa, baba Elipidius. Sichoti tena."

Gaudiosus alitazama ule unyevu na inzi wake, kisha akanyanyuka, akashika njia ya nyuma ya zizi, na wote watatu wakamsikia akitapika. Alitapika vibaya, kwa sauti, bila kujificha. Mbabazi aliinama akaanza kukwangua fimbo yake kwa ukucha.

Mzee aliporudi alikuwa amenawa uso kwa majivu na majani, kwa kuwa maji hayakuwapo. Alikaa. Mikono yake ya mwashi, mikubwa, aliilaza juu ya magoti.

"Una karatasi?"

"Ninayo, baba."

"Andika. Mimi Gaudiosus, fundi wa Kibingo, nilitumwa mawe ya kilima, nikapeleka yanayolia. Yasiyolia niliyaacha, na hayo ndiyo kilima." Alingoja kalamu imfikie. "Umeandika?"

"Nimeandika. Sasa naandika langu, kwamba sikuuliza, na kwamba mhandisi alisogeza rangi mbele yangu."

"Andika." Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa amerudi kumpepea mtoto. Midomo ya mzee ilikuwa mikavu na alilazimika kuilamba ili aseme, na alipoilamba uso wake ukakunjamana kwa ile ladha.

"Na hili uliandike kabla sijaweka dole gumba," alisema. "Kwamba nilijua. Tangu ile mvua ya pili nilijua, nikaendelea kuyanywa, na hawa nikawanywesha."